Mweusi ni wa Mlimani

Agina, 12 Juni 1988

Kaka yangu mpendwa Mitsunori,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Kazue, na kwamba kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia. Sisi huku Agina hatujambo, isipokuwa mvua. Mwezi mzima inanyesha, hariri inavuta unyevu na mtambo wangu wa kufumia unakwama kila saa. Tamotsu mume wangu anakusalimu. Bado yuko kwenye matope ya kutilia nyuzi rangi, na mgongo wake unalalamika kuliko yeye.

Misa ya Mama ya mwaka wa tatu ilisomwa. Maua uliyotuma yalishuka na meli ya Kobe yamesinyaa kidogo, lakini nilimwekea kaburini na kumwambia ni ya kwako.

Sasa nina neno la furaha na neno la mashaka. La furaha ni kwamba Mzee Kiyotada macho yamemwisha, hawezi tena kusoma masomo kigangoni, na Padri ameniomba mimi niwe katekista kuanzia Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mimi, Kaka. Unajua maana yake kwa nyumba yetu. Kiti cha Baba kimekaliwa na watu wengine miaka thelathini na nne.

La mashaka ni hili. Jumanne nilikuta sungura chini ya kibanda changu cha kufumia. Mweusi, amelowa, anachechemea. Mbwa wamemtafuna masikio yote mawili, vimebaki vinundu. Mkia umeganda tope la rangi la kina Tamotsu, na tope lile unalijua, likishika halitoki. Nimemweka kwenye tenga, namlisha majani ya viazi. Anauma.

Mama Hisae wa jirani alichungulia juu ya ukuta. "Sumie, mmeanza tena ninyi?"

"Tumeanza nini, Mama Hisae?"

"Aa, mimi sisemi. Chumvi unayo au nikuletee?"

Nilicheka, ila tenga nikalifunika. Watu hapa wote wanasema mweusi ni wa mlimani, na wa mlimani ni mali ya taifa, haguswi. Lakini huyu hakimbii mkono kama mnyama wa porini. Akiwa wa mlimani nami nimemfungia, tutaitwa walaji sungura kwa mara ya pili, na safari hii jina litakuwa langu, si la Baba. Akiwa wa kufugwa nami nikamwachia msituni hivyo alivyo, nitakuwa nimemuua.

Baba alikufundisha mlima wewe peke yako. Niandikie, mtu anawatofautishaje kama masikio hayapo?

Ni mimi mdogo wako,
Sumie


Amagasaki, 3 Julai 1988

Sumie,

Salamu. Barua imefika. Sote wazima, kikohozi kipo lakini hakijanizuia kazi. Kazue anakutumia mwani mkavu na soksi za Tamotsu.

Hongera kwa hilo la kigangoni.

Kuhusu huyo mnyama, mimi ni mtu wa chuma, na mambo ya mlima niliyaacha nikiwa na miaka kumi na mitano. Mwachie aende zake. Akiwa wa mlimani atafika kwao. Huku joto limeanza mapema.

Mitsunori


Agina, 20 Julai 1988

Kaka yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwani umefika na soksi zimemtosha Tamotsu, mwambie wifi asante sana. Mvua imekatika, miwa imesimama vizuri, na binti yangu aliyeko Kagoshima amepata kazi ya kushona sare. Nilikupigia simu Jumapili. Ulisema una sufuria jikoni. Sufuria ilipoiva hukunirudia, basi naandika.

Wamekuja. Mtu alipeleka habari mjini, simjui ni nani na sitaki kumjua kabla ya kuungama, maana nitamchukia. Wakamtuma Bwana Uchimura wa ofisi ya elimu, ndiyo inayosimamia mali za taifa, kijana mwenye adabu kutoka bara, anapiga majani kwa mwavuli njia nzima kwa kuogopa nyoka habu. Alifuatana na Mzee Kiyotada, na Mama Hisae alikuja bila kualikwa.

Bwana Uchimura alifungua kitabu, akachungulia tengani. "Mama, masikio yako wapi?"

"Yangu au yake?" nikamuuliza.

Mama Hisae akacheka mpaka akashika ukuta. Kijana aliona haya. "Kitabu kinasema tuanzie masikio. Wa mlimani ana mafupi, wa kufugwa ana marefu."

"Basi kwa huyu kitabu kimefungwa," Mzee Kiyotada akasema.

"Mimi naona ni mweusi, na macho ni madogo," kijana akasema. "Naelekea kusema ni wa mlimani. Lakini sijawahi kumwona mmoja aliye hai."

Nikamuuliza, nikimwachia leo je? Akasema hapana. Kama ni wa kufugwa mbwa hawatampa wiki moja, tena akiwa na ugonjwa wa ngozi ataupeleka kwa wale wa mlimani. Nisimwachie, nisimpe mtu, nimtunze. Mtaalamu atakuja na meli mwisho wa Septemba. Ikionekana ni wa mlimani atamchukua, na itabidi iandikwe alifungwaje nyumbani kwa mtu majuma yote kabla ofisi haijapata habari. Akatoa kalamu. "Jina la nyumba?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Hisae akasema, "Andika Sakae, nyumba ya baba yake. Andika vizuri, baba mwanangu, jina hilo kule mjini wanalo tayari."

Kaka, mtu aliyekula chakula cha harusi yangu.

Jumapili Padri aliniita pembeni. Hakuwa mkali. Alisema, "Sumie, hili la ukatekista tulisimamishe kidogo mpaka la sungura liishe." Nikamjibu sawa, Padri. Nikashuka zile ngazi za kanisa nimeinamisha uso, kama Mama alivyokuwa akishuka.

Kwa hiyo siulizi tena kwa udadisi. Nahitaji kujua kabla ya mtaalamu kujua. Kama ni wa mlimani nitakwenda mwenyewe mjini kusema kosa langu, nisingoje kufuatwa mlangoni kama alivyofuatwa Baba. Wewe ulipanda naye mlima ule kila juma. Niambie alikuwa anatazama nini.

Nakuombea kila jioni,
Sumie


Amagasaki, 15 Agosti 1988

Sumie,

Salamu. Kiwanda kimefungwa siku nne kwa likizo. Kazue amekwenda kwa mama yake. Nimebaki peke yangu na barua yako.

Unanichimba, na sijui kwa nini unanichimba. Mimi si mlima. Baba ni marehemu, Mama ni marehemu, waliosema walishasema. Kama Agina wanataka kuwaita walaji sungura, wao wenyewe walikula nini wakati wa njaa? Nani pale hakula?

Watu hutazama masikio tu. Yasipokuwepo hawajui lolote, wanasema wanachotaka. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa ile ngozi. Mtaalamu wako naye atasema anachotaka. Mwachie mnyama, useme alitoboa tenga akatoka. Nani atakushitaki kwa tenga bovu?

Usiniandikie tena habari za sungura. Andika habari zenu.

Mitsunori


Agina, 4 Septemba 1988

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari zetu ndizo hizi: tumevuna viazi, Tamotsu amekwenda Naze kwa daktari wa mgongo, na nimemaliza kitambaa nilichoanza Januari. Kimetoka bila kosa. Nilifuma huku nawaza mengine, mikono ikawa na akili kuliko mimi.

Sungura amepona mguu. Hajanona sana. Tenga halina tundu, na sitasema lina tundu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeandika "ile ngozi". Umeandika kwamba masikio hayakuwepo. Kaka, mimi sijawahi kukuandikia habari za ngozi. Nyumbani hakuna aliyewahi kutamka kwamba ngozi ile haikuwa na masikio. Niliyoyajua mimi ni yale ambayo kila mtu anayajua: kwamba Baba, mlinzi wa mlima, aliyekuwa akiwakanya wengine, alikutwa na ngozi ya sungura wa mlimani kwenye banda letu la kukamulia miwa, akakiri, akafungwa mjini Naze siku kumi, akavuliwa ulinzi na ukatekista.

Nikaenda kwa Mzee Kiyotada. Yeye ndiye aliyebeba bunda la ushahidi siku ile, akitembea nyuma ya askari. Nikamuuliza, "Mzee, ile ngozi ilikuwa na masikio?"

Aliinamisha kichwa, nikadhani amelala. "Haikuwa nayo," akasema. "Tulimtania baba yako njiani kwamba amekula mpaka masikio. Hakucheka." Nikamuuliza nani waliiona. "Mimi, askari na baba yako. Tuliifunga pale pale bandani, na Naze haikufunguliwa maana alishakiri."

Mama alisema maisha yake yote kwamba siku ile wewe ulikuwa shuleni.

Sikuulizi ulikuwa wapi. Nilikuwa na miaka saba, nina homa, nyumba nzima tunakula uji wa mbegu za mti wa sotetsu, zile zinazooshwa siku nyingi ili zisiue mtu. Siku moja ulikuja na bakuli la supu ya nyama. Niliinywa mimi. Nakumbuka wewe ulilishika bakuli na hukuonja. Kama kuna dhambi ndani ya lile bakuli, Kaka, iliyobaki tumboni ni yangu.

Mtaalamu anafika mwisho wa mwezi huu. Ninachokuuliza ni sungura tu.

Sumie


Amagasaki, 19 Septemba 1988

Sumie mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Usianzie masikio, wala mkia, wala rangi. Anzia mguu wa nyuma. Ugeuze, utazame kucha. Wa mlimani kucha zake ni nene, ndefu, zimepinda kama ndoana ya samaki mkubwa, maana anachimba na kupanda miteremko. Jike akizaa huziba mlango wa shimo kwa udongo na kuupigapiga mpaka huoni kitu, halafu hurudi siku ya pili kufukua na kunyonyesha. Kwa kucha nyembamba hawezi. Wa kufugwa hana kucha za namna hiyo, hata awe mweusi kama mkaa.

Hilo Baba hakunifundisha mlimani. Alinifundisha bandani, mbele ya askari, bila kusema neno.

Unamkumbuka Padri Anselmi na mabanda yake ya sungura nyuma ya kanisa. Wengi walikuwa weupe. Alikuwa na mmoja mweusi aliyeletewa kutoka kwao ng'ambo. Wewe ulikuwa huli siku ya tatu. Mama alikuwa ameanza kukushonea gauni jeupe la kuzikiwa, anashona huku ameugeukia ukuta ili usione. Nilikwenda wakati wa Misa, watu wote wakiwa ndani wanaimba, na Baba mbele yao. Nilimchagua mweusi kwa kuwa nilijua watakachosema. Jumapili iliyofuata Padri akauliza kama kuna aliyemwona sungura wake, na watu wakamcheka kwa upendo: "Padri, mweusi ni wa mlimani, atakuwa amerudi kwao." Hata wewe ulicheka, ulikuwa umepata nafuu.

Ngozi niliificha kwenye dari ya banda, nikaitoa masikio na mkia kwa kisu ili ikionekana isijulikane ni ya Padri. Miguu niliisahau. Mvua ikawaingiza bandani askari na Mzee Kiyotada, waliokuwa wanapita kukagua mitego, na Baba yuko nao. Mimi nilikuwa nyuma ya marobota ya miwa. Ngozi ilidondoka mbele yao.

Askari akauliza, "Mlinzi, hii nini?" Baba akainama, akaokota. Akageuza mguu wa nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya kucha. Halafu akatazama moja kwa moja kwenye miwa nilipojificha. Alikuwa amejua, Sumie. Alijua si wa mlimani, alijua ni wa nani, na alijua ni nani. Kama angesema "huyu ni wa kufugwa" angekuwa huru pale pale, na mimi ningekuwa mtoto wa katekista aliyeiba kwa Padri wakati wa Misa.

Akasema, "Ni wangu. Nilimtega mlimani."

Aliporudi kutoka Naze nilisubiri anipige. Hakunipiga. Alinishika kichwa tu, akaenda kunawa. Nilisubiri miaka miwili. Mtu akikupiga unajua umemaliza. Niliposikia wanaandika vijana wa viwandani, nikapanda meli. Kwenye mazishi yake nilikuja siku moja nikarudi. Kwa Mama sikuja kabisa, maana nilijua mtaniweka mbele, upande wa mwana mkubwa.

Sasa unajua kuwatofautisha. Barua hii isome kwa yeyote unayetaka, kigangoni, mbele ya Mama Hisae, popote. Sitakulaumu.

Kaka yako,
Mitsunori


Agina, 9 Oktoba 1988

Kaka yangu mpendwa Mitsunori,

Tumsifu Yesu Kristo. Sote wazima, namshukuru Mungu. Kimbunga kilipita tarehe 25, kimeng'oa mabati mawili ya jikoni na kulaza nusu ya miwa. Tamotsu amekatazwa kubeba vizito, kwa hiyo anabeba kwa siri. Wifi msalimie sana.

Kwa sababu ya kimbunga meli ilikaa bandarini Kagoshima wiki nzima. Ilipofika, ilimshusha mtaalamu na barua yako pamoja. Mtaalamu ni mzee mfupi anayeitwa Bwana Nagayoshi. Alikuwa anakunywa chai ukumbini kwangu, Bwana Uchimura yupo, Padri yupo, Mzee Kiyotada yupo, Mama Hisae amekaa mlangoni na mtama wake wa kupeta, ndipo mleta barua akaingia. Niliisoma nimesimama jikoni. Niliisoma yote. Halafu nikanawa uso, nikatoka.

Bwana Nagayoshi alikuwa ameshaliinamia tenga. Nikamwambia, "Samahani, Mwalimu, niruhusu." Nikamshika sungura shingoni, nikamlaza kwenye magoti yangu. Aliniuma, nikamwacha aume. Nikageuza mguu wa nyuma, nikapitisha kidole gumba.

Kucha nyembamba, Kaka. Tena mbili zilikuwa zimekatwa sawasawa kwa mkasi. Mtu alikuwa amemkata kucha, kama mtoto.

"Ni wa kufugwa," nikasema.

Bwana Nagayoshi akautazama mguu, akanitazama mimi. "Ni wa kufugwa, ndiyo. Lakini niambie, mama, nani amekufundisha kuanzia miguuni? Watu wote huanzia masikioni. Hata wanafunzi wangu."

Nikamjibu, "Baba yangu."

Mama Hisae aliacha kupeta. Mzee Kiyotada aligeuza uso wake kunielekea, na macho yake yale yasiyoona, na niliona anafikiri, taratibu, akirudi nyuma miaka yote ile mpaka bandani. Alipokuwa anaondoka alinishika mkono na kuushikilia muda mrefu bila kuuachia.

Sungura ni wa shule ya ng'ambo ya kilima. Banda lao lilibomoka kwa mvua za Juni. Mwalimu wao amesema nibaki naye. Padri naye amesema Watakatifu Wote ni kama ilivyopangwa.

Barua yako sijamsomea mtu. Ni ungamo lako, mimi sina ruhusa ya kulifungua. Wala sitakuficha: nilikasirika. Siku mbili sikuweza kukuombea. Nilikasirika kwa ajili ya Mama na zile ngazi alizokuwa anashuka ameinamisha uso. Siku ya tatu nikaenda kufagia kanisani, nikakaa kwenye ngazi zenyewe, na nikakumbuka kitu.

Wewe unajua zilivyojengwa? Baba alizijenga baada ya Naze. Alibeba mawe kutoka mtoni mwaka mzima, moja moja, mgongoni. Watu walisema anafanya malipizi ya sungura wa mlimani. Nilikuwepo siku moja, nimembebea chai. Padri Anselmi alitoka akasimama juu yake, akamwambia kwa ile lugha yake iliyovunjika, "Sakae, inatosha. Sungura hakuwa mzito hivyo." Baba akasema, "Bado moja, Padri." Nilidhani wanataniana. Nimetembea juu ya mawe yale maisha yangu yote, Kaka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini malipizi ya mlima yalipwe kanisani.

Padri alijua. Walikubaliana wawili, na deni likalipwa mbele ya macho yetu sote. Wewe peke yako hukuliona likilipwa, maana hukuinua kichwa.

Kimbunga kimeing'oa ngazi ya juu kabisa, ile ya mwisho aliyoiweka. Wanaume wanataka kuziba kwa saruji kabla ya sikukuu. Nimewaambia wasiiguse, ina mwenyewe, anatoka Amagasaki. Kama hutakuja, mwaka huu tutairuka.

Jiwe nimeliweka kando, chini ya dirisha. Si zito sana, Kaka. Nimelinyanyua mwenyewe.

Mdogo wako,
Sumie